Ngozi Nyumbani kwa Asiye na Ng'ombe

Wadogo zangu wa ofisi ya ustawi wa jamii, mlipomaliza kuniaga kwa kanga, jagi la umeme na hotuba zisizoisha, mliniomba niandike kazi ilivyokuwa kabla sijaanza kusahau. Nimekubali upesi kuliko mlivyotarajia. Vyeo sitaviandika, na mishahara ndiyo kabisa, maana hakuna kati yenu aliyeingia kazi hii kwa ajili ya mshahara, na kama yupo, ameshajua alipokosea. Nitaandika habari moja tu, ya matunzo ya mtoto, ya namna serikali inavyofikia kusema baba huyu atoe kiasi gani na mama yule achangie nini. Katika miaka yangu yote hakuna jambo lililonichangamsha kama hilo. Hata sasa nikilisimulia hapa nyumbani Area D, binti yangu huniambia nipunguze sauti, majirani watadhani tunagombana.

Nilizaliwa Dodoma mjini, kwenye ukoo wa wenye maduka. Babu wa babu yangu alikuja na misafara ya zamani, akachokea hapa, akafungua duka, na sisi wote tukafuata mkondo huo mpaka nilipoamua kusomea ustawi wa jamii. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipofika Chamwino na viatu vya kisigino, nilijua mengi kuhusu vitambaa na bei ya sukari, na kuhusu mifugo nilijua kwamba maziwa hutoka huko. Aliyenipokea alikuwa Mzee Ndahani, afisa mwandamizi, Mgogo wa palepale, mtu mrefu na mpole ambaye alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza jambo la kuchekesha. Nusu ya vichekesho vyake sikuwahi kuusikia mwisho. Aliitazama miguu yangu, akaniambia kwamba viatu vile ni vizuri sana na kesho nivipumzishe.

Mzee Ndahani ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinifundisha majina yake tu. Aliniambia kifaa chetu cha kwanza si kalamu, ni makalio. Ukifika kwa mtu, kaa pale unapokaribishwa, juu ya chochote unachopewa, unywe unachopewa, na salamu ziishe zenyewe. Salamu za Kigogo hazina haraka. Unaambiwa mbukwenyi, unaitikia, kisha unaulizwa habari za watu wote unaowafahamu na wengine usiowafahamu, na ukitoa karatasi kabla hazijaisha umeshaharibu siku. Na kuna swali moja alinikataza kabisa. Nisimuulize mwanamume ana ng'ombe wangapi. Kwao ni sawa na kumuuliza mtu wa mjini mshahara wake mbele ya wakwe. Ukiuliza idadi utapewa idadi, alisema, kisha akaanza kucheka, na nikabaki sijui utani ulikuwa wapi.

Wakati ule sheria ya zamani ilikuwa bado inatumika, na kiwango cha matunzo kilikuwa kimeandikwa ndani yake tangu enzi ambazo hela ilikuwa hela. Wakati mimi naanza kazi, kiwango hicho kilikuwa hakinunui hata sabuni ya kumfulia huyo mtoto nepi. Akina mama walikuwa wanasikiliza nikiwasomea, halafu wananitazama kwa huruma, kana kwamba mwenye shida ni mimi. Nilikuwa narudi ofisini nimefura. Mzee Ndahani alikuwa ananisikiliza hasira zangu zote huku anachonga penseli, kisha anauliza kama kuna chai.

Ndipo ikaja Sheria ya Mtoto. Nakumbuka niliisoma nimesimama, mkoba bado begani. Kile kiwango kimoja cha watu wote hakikuwepo tena. Sasa hakimu alitakiwa kutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na watoto wengine wanaowategemea, na sisi maafisa ndio tuliopaswa kwenda kuchunguza na kumwandikia taarifa. Niliruka. Kweli niliruka, mhudumu wa ofisi ni shahidi. Baadaye nikagundua kwamba sheria ilikuwa imetupa maswali mazuri bila kutuambia namna ya kuyajibu. Mwalimu mwenye hati ya mshahara alikuwa rahisi, unaisoma, unaandika, na maskini mwalimu akawa analipa kwa sababu tu karatasi yake haijui kusema uongo. Mkulima na mfugaji tulikuwa tunamwandika hana kipato maalumu, na habari inaishia hapo. Maafisa wawili wangeweza kwenda kwa baba mmoja na kurudi na majibu mawili, kila mmoja na mizani yake kichwani.

Mzee Ndahani alistaafu bila kuona hilo limerekebishwa. Alirudi shambani kwake, akawa ananitumia salamu na karanga kila mavuno mpaka alipofariki.

Miaka ikaenda, nami nikawa ndiye mama wa ofisi, ninayeamkiwa shikamoo na watu wenye mvi. Ndipo siku moja tukaitwa Hombolo, kwenye chuo cha serikali karibu na bwawa, kuandaa rasimu ya mwongozo wa kukadiria matunzo. Jamani, mwongozo! Utakaotumika na kila afisa, ili mtoto wa Chamwino na mtoto wa kwingineko wapimwe kwa mizani moja. Wengine walikuwa wanaulizia posho, na sikatai, niliulizia pia, lakini usingizi ulikuwa umenitoka kwa furaha. Nilikuwa nimezisubiri siku zile tangu nilipokuwa nawasomea akina mama bei ya sabuni.

Aliyekuwa anatuongoza ni kijana mchumi kutoka wizarani, Kelvin, mwenye kompyuta nyembamba na adabu nene. Yeye alitueleza kwamba ziko nchi zinazochukua sehemu fulani ya mshahara wa mzazi, inaongezeka kadiri watoto wanavyoongezeka, na zipo zinazojumlisha vipato vya wazazi wote wawili kwanza, kisha kila mmoja anabeba fungu lake. Njia hizo zote alikuwa amezitengenezea kikokotoo, neno ambalo sisi tuliokaribia kustaafu, kwa kukumbuka mafao yetu, tukilisikia tunashika kifua. Tulibishana siku nzima. Mmoja alitaka kiwango cha chini ambacho hakuna mzazi atakayeshuka chini yake. Mwingine akauliza, na asiyekuwa nacho? Mimi nikasimama nikasema kwamba kwetu kipato hakiji mwisho wa mwezi. Huja mara moja kwa mwaka, kwenye magunia, na mwaka mwingine hakiji kabisa, sasa unachukua sehemu ya nini?

Sikutegemea kwamba Kelvin angefurahi kupingwa, lakini alifurahi. Alifunga kompyuta akavuta kiti, akasema haya, mama, tuandike ukurasa wa mtu asiye na mshahara. Tuliuandika pamoja mpaka zabibu zilizokuwa mezani zikaisha. Shamba lina ukubwa gani, mavuno ya msimu uliopita yalikuwaje, paa la nyumba ni la nini, mifugo iliyopo zizini ni mingapi. Tuliona tumefika. Tulipigiana makofi wenyewe, na mimi niliyekuwa nimekatazwa swali la ng'ombe nilipiga makofi vilevile, kwa sababu nilijiambia hatumuulizi mtu, tunatazama zizi tu.

Ikaamuliwa rasimu ijaribiwe kwenye mashauri ya kweli, na Kelvin akaja Chamwino kutembea nami. Shauri lililokuwa mezani kwangu wiki ile lilikuwa la Yudith na Lazaro. Majina nimeyabadilisha, na kijiji sikitaji. Walikuwa wameachana, na binti yao Leah, aliyekuwa darasa la tatu, aliishi na mama yake nyumbani kwa kaka yake Yudith. Yudith aliomba mahakama imwamuru Lazaro atoe matunzo. Lazaro akajibu kwamba hana kitu cha kutoa, ila uji wa kumnywesha mtoto haumshindi, kwa hiyo kama shida ni matunzo, apewe mtoto amtunze mwenyewe.

Mmeshaona jibu hilo mara nyingi, na mtaliona tena. Lakini Yudith hakuwa na pa kuegemea. Alikuwa anauza karanga barabarani, na kaka yake alikuwa na watoto wake wengi. Tulipomtembelea alituambia bila kulia, akimenya karanga huku anaongea, kwamba bila msaada hawezi kumaliza mwaka na mtoto. Atalazimika kumpeleka kwa baba yake, kwa mama wa kambo asiyemjua. Leah alikuwa ndani, na tulijua anasikia kwa sababu ufagio wake ulikuwa umenyamaza.

Nikamuuliza Yudith kuhusu mali ya Lazaro. Akasema ng'ombe anao. Wako wapi, hajui. Aliishi naye miaka yote ile akijua wapo, na hakuwahi kuambiwa wako kwa nani. Kelvin akanong'ona, "Mama, hiyo data tunaipataje?" Nikamwambia tutaenda kuona.

Tukaenda. Pikipiki ya ofisi ilikuwa imeharibika, kama desturi yake wageni wakija, tukatembea kwa miguu kwenye upepo ule wa Dodoma unaokulisha mchanga usipofunga mdomo. Nyumba ya Lazaro ilikuwa tembe ya zamani iliyotunzwa vizuri. Lazaro alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye mikono mikubwa. Alitukaribisha vizuri, tukaamkiana mpaka salamu zikaisha zenyewe, na wakati mkewe anachemsha uji nikaomba kulitazama zizi. Lilikuwa tupu, hata samadi ilikuwa imekauka ikawa vumbi. Pembeni walikuwepo mbuzi wachache waliotutazama kwa dharau. Ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umewamaliza wengi, na mtendaji wa kijiji alikuwa ameshaniambia kwamba yeye hamjui ng'ombe hata mmoja wa Lazaro.

Tulirudi tukakaa, Kelvin akajaza ukurasa wetu wa Hombolo. Shamba dogo. Mavuno haba. Paa la udongo. Mifugo zizini, hakuna. Alipofika mwisho alinionyesha karatasi. Kwa mizani yetu sisi wenyewe, tuliyoipigia makofi, Lazaro hakuwa na uwezo wa kutoa chochote. Niliona kabisa hakimu akiisoma taarifa yangu, taarifa safi, yenye kila kisanduku, halafu Leah anafunga nguo zake. Nilitaka kuichana karatasi ile, na kama ingekuwa yangu ningeichana.

Uji ukaja, wa uwele, mtamu. Sisi tulikuwa tumekalishwa juu ya ngozi za ng'ombe zilizotandikwa kwenye kivuli cha ukuta, mimi yangu, Kelvin yake, na nyingine ilikuwa imewambwa kando inakauka. Kelvin, ambaye hakuwahi kukalia ngozi maishani, alikuwa anaipapasapapasa kwa vidole kama mteja dukani. Akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini ngozi za huku huachiwa masikio.

Nikaitazama yangu. Sikio moja lilikuwepo, limekauka, lina mkato wa pembetatu ukingoni. Nikaitazama yake. Mkato uleule. Nikaitazama ile iliyowambwa, na hapo uji ukanipalia.

Wadogo zangu, mnaotoka kwingine nawaeleza. Mfugaji wa uwanda huu haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Huwagawa kwa marafiki, mmoja huku, wawili kule, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja usimmalize. Anayetunza hunywa maziwa na huchukua samadi, lakini ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe, na wote wawili hawalitangazi jambo hilo. Na ng'ombe akifa, mtunzaji haji mikono mitupu kusema amekufa. Humletea mwenyewe ngozi, na huiacha na masikio, ili mwenye mali auone mkato wake ajue hakudanganywa. Mzee Ndahani aliniambia yote hayo zamani, wakati nikiwa bado nahesabu malengelenge ya miguu. Mtu aliyepoteza ng'ombe zizini kwake mwenyewe hana sababu ya kuacha masikio, maana anajidhihirishia nani? Nyumba hii isiyokuwa na hata ng'ombe mmoja ilikuwa imeletewa ngozi zaidi ya moja, na ile ya kando ilikuwa bado mbichi.

Nilitaka kuruka kama siku ile ya sheria mpya. Lakini nilikuwa mgeni wa mtu, nimekunywa uji wake, na kumwambia mwenyeji wako kwamba ni mwongo wakati bado umeshika kikombe chake ni ukosefu wa adabu. Nikakiweka kikombe chini. Nikamgeukia Lazaro nikamwambia, kwa heshima yote ya msibani, "Pole sana, baba Leah, kwa ng'ombe waliokufa."

"Asante, mama," akajibu. "Tumeshapoa."

Halafu akasikia alichosema. Alitazama chini ya miguu yake, akatazama ngozi niliyokalia, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Mkewe alichungulia kutoka jikoni akarudi haraka. Mnaweza kusema nilimtega. Nusu nilimtega, na nusu nilikuwa na huruma ya kweli, maana ng'ombe anayekufa ni msiba kwa mtu yule, na huenda nilikuwa wa kwanza kumpa pole mbele za watu.

Baada ya hapo aliongea, na hatukumuuliza idadi. Alisema wako waliobaki, upande wa Bahi na wengine Manyoni, kwa marafiki. Akasema ng'ombe wakijulikana wanakwisha, huyu ndugu ana mahari, yule ana mgonjwa, na wewe huwezi kukataa. Hilo nililielewa, hata sisi wa maduka huficha mali ndugu wasiione, ila tunaificha kwenye vitabu vya hesabu. Nikamuuliza kama ni hivyo, kwa nini asitoe kidogo kimyakimya kwa ajili ya mtoto, badala ya kusema hana kitu.

"Ningetoa, mngenichukulia hela tu mama, mtoto angebaki kule kwa mjomba wake," alisema. "Nikisema sina, nitapewa mtoto. Mimi sijamwona."

Nikasema mbona kwa kaka yake Yudith si mbali, aende tu amwone. Akanitazama kama nimesema jambo la ajabu. Alisema mwanamume aliyeachana na mke hawezi kuingia uwanja wa shemeji yake bila shughuli. Atasimama mlangoni aseme amekuja kufanya nini? Watu watasema anamtaka mwanamke tena, au ameishiwa. Kwa hiyo tangu waachane alikuwa anapita njia ya mbali akiisikiliza kengele ya shule, na hakuwahi kusogea.

Njiani kurudi, mimi na Kelvin tulikuwa tunapiga kelele kwenye upepo kama watoto waliofunga shule. Mchanga tulikula, hatukujali. Yeye alikuwa anasema ukurasa wote lazima uandikwe upya, mimi nasema ndiyo, yeye anasema kwamba mtu mwenye zizi lililojaa anaweza kuwa hana hata ng'ombe mmoja wake, wote anawatunzia wenzake, tungempakia mzigo ambao si wake, mimi nasema ndiyo, ndiyo! Hilo la pili sikuwa nimeliwaza, yeye ndiye aliyeliona. Tulisimama katikati ya njia, tukaandika juu ya mgongo wa mkoba wangu. Tulifuta idadi ya mifugo zizini. Tukaandika kwamba afisa asihesabu, azungumze na mzazi kuhusu mifugo yake inakolelewa na nani anakunywa maziwa yake, na ile iliyopo nyumbani ni ya nani. Na kwamba matunzo yanaweza kutolewa kwa msimu na kwa vitu, si lazima mwisho wa mwezi na kwa fedha. Mpita njia angesema tulikuwa tumelewa.

Mnielewe hapa. Siri ya mtu niliyoijua nikinywa uji wake sikuipeleka mahakamani kwa mlango wa nyuma. Nilirudi kwa Lazaro nikamwambia taarifa yangu itasema ukweli, na nikamshauri autangulie yeye mwenyewe. Alisema atafikiri. Sikujua atakachofanya, na usiku ule wala uliofuata sikulala vizuri, kwa sababu bado mwisho wa yote ulikuwa Leah kubaki au kuondoka.

Siku ya shauri hakimu, mama mmoja mtulivu mwenye miwani ya kamba, alimwita Lazaro kwanza. Lazaro alisimama na kofia mkononi. Aliomba lile neno alilosema mwanzo, kwamba hana kitu, lifutwe, kwa sababu hataki mtoto akue akijua baba yake alisema hivyo mbele ya serikali. Akasema ng'ombe anao, wako kwa watu. Akasema yuko tayari kuuza mmoja atoe hela yote kwa pamoja, na jambo liishe. Alitamka neno liishe kwa namna iliyonichoma, maana nilijua kinachoisha ni nini. Hela ingepokelewa, shauri lingefungwa, na yeye angeendelea kupita njia ya mbali.

Hakimu akamuuliza Yudith kama anakubali. Kaka yake Yudith, nyuma yangu, alishaanza kutikisa kichwa kwa furaha. Ng'ombe mzima, hela taslimu!

"Sikubali, Mheshimiwa," Yudith alisema. "Hela itaisha. Alete ng'ombe mwenyewe, mwenye maziwa, nimtunzie kama wenzake wanavyomtunzia. Mtoto anywe maziwa, ndama wawe wa mwenye ng'ombe. Na wakati wa mavuno alete uwele. Ila nina sharti. Awe anakuja kumwangalia ng'ombe wake."

Hakimu alivua miwani akauliza sharti hilo ni la nini.

"Mwenye ng'ombe huja kumwangalia ng'ombe wake, Mheshimiwa, hakuna anayemuuliza amefuata nini," Yudith alisema. Hakumtazama Lazaro, alimtazama hakimu. "Na mtoto atakuwepo."

Kelvin, aliyekuwa amekaa kando yangu na kalamu, hakuandika kitu. Mimi nililia, nasema wazi, nilitoa ushungi nikajifutia na sikujali nani ananiona. Sisi tulikuwa tumehangaika na mizani ya nchi nzima, asilimia, mafungu, visanduku, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza mtoto atamwonaje anayemtunza. Hakimu aliandika amri kama Yudith alivyosema, karibu neno kwa neno. Leah akabaki kwa mama yake.

Rasimu yetu ilirudi Hombolo ikiwa na ukurasa mpya, ikabishaniwa, ikakatwa, ikaongezwa, ikapelekwa juu ambako mambo hukaa. Nanyi mnajua imefika wapi, kwa sababu sasa ninyi ndio mnaobishana nayo, na nawaonea wivu. Msichoke kuibishia. Kila ukurasa wa mwongozo ule unamngoja mtu ambaye haukumfikiria, na siku mtakapokutana naye ndipo kazi hii inapokuwa tamu.

Ziara yangu ya mwisho ya kufuatilia amri ilikuwa muda mfupi kabla ya kustaafu. Nilifika kwa kaka yake Yudith wakati jua limeshapinda. Ng'ombe alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba, mweusi mwenye baka jeupe, amenawiri, na ndama wake pembeni. Lazaro alikuwa amekaa upande wa mbele, kofia gotini. Leah alikuwa amesimama mbele yake akimsomea kitabu cha shule, kidole kikifuata mstari, na kila akifika mwisho wa ukurasa baba yake alikuwa anamwambia endelea.

Nikamuuliza Yudith mwenzake amefika saa ngapi. Akasema yuko pale tangu asubuhi.

"Ng'ombe anamwonaje?" nikauliza. "Ameridhika naye?"

"Hajaenda kumwangalia bado," alisema Yudith.